Njaa ya Watu Wawili

Maabara, 3 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Marahaba nimeshajiitikia mwenyewe, maana najua ukifika mstari wa tatu utakuwa umenuna.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwezekani. Nikikupigia uko kibandani, cherehani inanguruma, wateja wamejipanga wanajifanya hawasikii, na kila nikiuliza umekula nini unanichekea kama mtu aliyetoka harusini. Kwenye karatasi huwezi kunichekea.

Nilipokuja mwezi uliopita daktari wako alisema mambo mawili, wewe ukasikia moja. La kwanza, ini lako limejaa makovu kwa sababu ya vile virusi vilivyokuingia utotoni, na dawa pekee iliyobaki ni kuwekewa kipande cha ini la ndugu. Hilo ulilisikia, ukasema sawa. La pili, jopo la madaktari haliwezi kukupasua ukiwa umebaki hivyo. Mwili uliokwisha nyama hauhimili kisu. Mwisho wa Juni watakupima unene wa mkono, na kama hujaongezeka, jina lako linawekwa pembeni. Hilo ulikuwa unatazama dirishani. Kwa hiyo kaka, leo hii kinachotaka kukuua si ini peke yake. Ni zile sahani unazorudisha jikoni zikiwa zimejaa.

Najua si jeuri yako. Hebu nikueleze kazi yangu, maana miaka yote unawaambia watu dada yako anapima mikojo. Hapa maabara tunafanya utafiti wa wagonjwa wa ini sugu, na tunachopima kwenye damu yao ni homoni moja inaitwa leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili, inapanda hadi ubongoni, na kazi yake ni kusema akiba ipo, usile tena. Mtu akikonda inatakiwa ishuke ili njaa ije. Sasa kwa wagonjwa wengi wa ini tunaowapima haishuki inavyostahili. Mtu amebaki mifupa mitupu, na damu yake inaendelea kutangaza kuwa ameshiba. Madaktari wenyewe bado wanabishana kwa nini iko hivyo, na si hiyo peke yake inayoua hamu ya kula. Ila nilipoyaona majibu ya hao watu nilikukumbuka wewe na kijiko chako unachokizungusha kwenye bakuli kama unatafuta sindano.

Kwa hiyo usiisubiri njaa, haiji. Kula kwa saa. Kidogo kidogo, mara nyingi: mayai, maharage, maziwa, na usilale kabla hujatia kitu tumboni. Chumvi achana nayo. Mizani achana nayo pia, maana yale maji ya tumboni yanaongeza kilo za uongo. Chukua futi yako ya kushonea, pima mkono juu ya kiwiko. Mkono hauna maji, hauna uongo.

Na mtu wa kutoa ini ameshapatikana. Bado anafanyiwa vipimo, na taratibu za hospitali haziruhusu atajwe hadi vimalizike. Usiniulize.

Mdogo wako,
Kibonge

*

Kibandani, 20 Februari

Kibonge,

Marahaba, ingawa umeshajiitikia.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, nikakasirika. Mara ya pili nikamsomea wifi yako. Nilipofika pale kwenye damu inayotangaza kuwa mtu ameshiba, akaniomba nirudie, nikarudia, akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa akalia. Kumbe mwaka mzima mwenzangu anadhani nimechoka na mapishi yake. Anasema alishabadilisha mafuta, akabadilisha sufuria, akaenda hadi kwa jirani kujifunza kuunga maharage upya, na kila siku sahani inarudi vilevile. Mimi nilikuwa namwambia tu kwamba nimeshiba, na yeye anasikia kwamba sikitaki chakula chako. Basi hiyo leptini yako imekaribia kunivunjia ndoa. Ni mnoko kweli, inakaa kwenye damu ya mtu kazi yake kupeleka maneno ya uongo juu.

Sasa tumeyamaliza. Nakula kwa saa kama ulivyoamuru. Wifi yako ameweka kengele kwenye simu, na ikilia wateja wote wanageuka kunitazama nikitafuna yai. Mmoja aliniuliza kama ni mambo ya pombe, maana mtaani ndivyo wanavyosema, mtu akiumwa ini basi ni mlevi. Nikamwambia mimi hata soda hunipanda kichwani. Suruali yake nimemfupishia zaidi ya alivyotaka.

Usihofu juu ya mkono. Unakwenda vizuri.

Sasa na mimi nina langu. Huyo mtu wa kutoa ini ni nani? Sitaki jina, nataka uniambie neno moja tu, kwamba si wewe. Mama alipotuacha ulikuwa hata kufunga viatu hujui. Sikukukuza kwa cherehani hii ili mwisho wa yote ulazwe mezani ukatwe kwa ajili yangu. Ikiwa ni wewe, nafunga mjadala, nabaki na ini langu hilihili.

Kaka yako,
Fundi

*

Maabara, 11 Aprili

Kaka Fundi,

Shikamoo. Picha uliyonitumia imefika. Kaka, sikuamini. Mabega yale, na mikono imejaa hadi koti limekaa kama la mtu wa benki. Nimeizungusha maabara nzima. Mkuu wangu ameitazama akasema mgonjwa huyu anafuata masharti, nikavimba kichwa siku nzima kana kwamba nimekula mimi.

Uso tu ndio naona bado, ila najua uso huchelewa.

Kuhusu swali lako, mimi ni mtu wa maabara, natoa majibu ya watu wengine. Huyo mtu anaendelea vizuri, kuna jambo dogo wanamrekebisha halafu watamkubali. Wewe shughulika na mayai.

Mimi mzima. Kazi nyingi, napanda na kushuka ngazi kutwa. Msalimie sana wifi.

Mdogo wako,
Kibonge

*

Nyumbani, 26 Aprili

Wifi yangu,

Habari za huko. Nakuandikia bila kaka yako kujua, na akijua atanuna wiki nzima, lakini afadhali anune akiwa hai.

Ile picha ni kitambaa.

Alikaa siku mbili anashona koti lile, nami nikafurahi, nikasema angalau amepata hamu ya kazi. Kumbe mabegani ameweka pedi mbili mbili, na ndani ya mikono ameshonea sponji kuanzia begani hadi kiwikoni, kwa ustadi ambao hata mimi niliyelala naye miaka yote hii sikushtuka hadi nilipolichukua nilitundike. Likasimama lenyewe. Nilivyomvua shati usiku ule nikaona mkono ulivyo, wifi, nilijikaza tu. Futi inasema umepungua tangu Februari. Nilimuuliza alikuwa anamdanganya nani. Akasema, "Nilitaka mmoja wetu afurahi."

Si kwamba hali. Kengele ikilia anakaa, anaanza vizuri, tonge la tatu anaweka kijiko chini na kunitazama kama nimemuonea. Mwanzoni alikuwa anajilazimisha. Tangu Machi amelegea, na sababu yake naijua, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Shangazi yenu alipita kwako akiwa safarini. Alivyorudi hakukaa hata na kunywa maji, akaanza kusimulia kwamba umekwisha, umebaki nusu, mashavu hayapo, gauni limekuning'inia. Kaka yako tangu siku hiyo hana raha. Anaamini na wewe una ugonjwa wake na unamficha. Anasema virusi vile vilikuwa kwa mama, kwa hiyo lazima na wewe unavyo. Mimi nikimwekea sahani ananiuliza, "Na yule huko anakula?"

Sasa naomba ukweli wifi. Unaumwa? Kama unaumwa sema, tujue tunalia mara moja. Kama huumwi, basi mwambie mwenyewe, maana mimi haniamini, na Juni hiyo inakuja.

Wifi yako

*

Maabara, 4 Mei

Kaka,

Leo hakuna shikamoo. Nitakuamkia nikipoa.

Sponji, kaka. Umenishonea sponji, nami nikaitembeza hospitali nzima kama cheti. Jopo likukute na koti lile unadhani watakupima juu ya kitambaa? Ulitaka mmoja wetu afurahi, na mimi nimefurahi wiki tatu kwa ajili ya godoro.

Haya, nimemaliza. Sasa na mimi nivue koti langu.

Siumwi. Virusi sina, nilipimwa na kuchanjwa nilipoanza kazi hapa. Nimekonda kwa sababu nimeambiwa nikonde. Mtu wa kutoa ini ni mimi.

Usitupe barua. Soma hadi mwisho.

Damu zetu zinapatana, kipimo cha kwanza kilisema hivyo tangu Januari. Shida ilikuwa kwenye picha ya ini langu. Limejaa mafuta, kaka. Jina ulilonipa utotoni ulinipa kwa haki. Daktari akasema kipande cha ini lenye mafuta hakiwezi kumsaidia mtu, na hata mimi nitakayekatwa litanichelewesha kupona. Nipunguze uzito, mafuta yatayeyuka, halafu watanitazama upya. Ndilo lile jambo dogo wanalomrekebisha huyo mtu. Kwa hiyo tangu Februari nakula majani na samaki wa kuchemsha, napanda ngazi za jengo zima badala ya lifti, na nikipita kwenye duka la mikate natazama upande wa pili wa barabara kama nadaiwa.

Na sikiliza kichekesho. Kwenye utafiti wetu walihitaji damu ya watu wasio na ugonjwa wa kulinganisha nao, nikatoa yangu. Leptini yangu ilikuwa juu kuliko hata ya wagonjwa wengi. Mafuta mengi, homoni nyingi, ila ubongo wangu umeshaizoea, hausikii. Inapiga kelele kwamba nimeshiba, na mimi naomba sahani ya pili. Sasa ninavyopungua inashuka, na njaa inayonipata sijawahi kuisikia maishani. Naamka nayo, nalala nayo. Juzi nimeota maandazi.

Nilikuficha kwa sababu ulisema utafunga mjadala. Basi fungua. Nimekaa miezi mitatu na njaa ya watu wawili, yangu na ile yako iliyopotea. Wewe usipokula, mimi nimeshinda njaa bure, na Juni wataniambia ini langu liko tayari na hakuna wa kumpa. Hicho ndicho utakachonifanyia, si kunilinda.

Ulinikuza kwa cherehani, sawa. Uliniona nakua? Basi mimi ni mtu mzima, na ini ni langu.

Kibonge

*

Kibandani, 13 Mei

Mdogo wangu,

Nimekasirika siku tatu. Siku ya kwanza niliapa sitakujibu. Ya pili nilimgombeza wifi yako kwa kunichongea, naye akanijibu maneno ambayo nisingependa uyasome. Ya tatu nilifunga kibanda, nikalitwaa lile koti, nikalifumua. Nilikata uzi mmoja mmoja, sponji nikaiweka mezani, nikaiangalia. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri sana, Kibonge, kazi nzuri kuliko zote za mwaka huu, na ilikuwa kazi ya mjinga. Yaani mimi hapa nashona nyama ya bandia na wewe huko unaivua ya kweli.

Nilikuwa nimejiandaa kukukatalia. Kuna kauli moja kwenye barua yako imenishinda, kwamba umeshinda njaa bure. Nimeigeuza kila upande, sijapata pa kuipindia. Wewe ulikuwa mtoto wa kulia njaa, mdogo wangu, mtaa mzima ulijua ukichelewa kula. Nikikufikiria unapita mbele ya mikate umegeuza uso, tumbo linaniuma kuliko linavyoniuma siku zote.

Basi sikiliza. Njaa mimi sina na sitaipata, tumekubaliana. Nitakula kwa yako. Kila chakula unachokiacha, niandikie. Unitajie kilivyokuwa, harufu yake, ulivyokitamani, hata kwa meseji kama barua inachelewa. Wifi yako atakipika, kama kinaruhusiwa kwenye masharti yangu, nami nitakimaliza. Sitakula kwa sababu nataka. Nitakula kwa sababu ni chako na wewe umenyimwa.

Usiache kitu kidogo kidogo. Acha vya maana.

Kaka yako anayekuogopa,
Fundi

*

Maabara, 9 Juni

Kaka Fundi,

Shikamoo. Nimepoa.

Meseji zote umezipata, naona majibu yako. Jana ilikuwa siku mbaya kuliko zote, haitoshi kwa meseji. Mhasibu wetu amestaafu, wakaleta keki. Ya karanga, na juu imepakwa maziwa mazito, na wameikata vipande vya ukubwa wa tofali. Wote walikuwa wananitazama. Niliishika sahani, nikainusa, nikaiweka mezani, nikaenda chooni nikakaa huko hadi walipomaliza. Mfagizi akanikuta nimesimama nje nauma kidole, akaniuliza kama nimefiwa.

Kula vipande viwili, kaka. Kimoja kingekuwa changu, na cha pili ningekiiba.

Picha ya ini langu narudia kesho kutwa. Naogopa, nakwambia kweli. Kama mafuta bado yapo, sijui nitakuangaliaje.

Kibonge

*

Kibandani, 30 Juni

Mdogo wangu,

Ulivyonitumia lile neno moja, "Limesafika," nilikuwa nakata suruali ya mteja. Nikakata hadi sehemu isiyokatwa. Nimemlipa kitambaa, na sikujuta.

Vile vipande viwili vya keki karibu vinile vyenyewe, badala ya mimi kuvila. Wifi yako alitumia karanga nyingi mno. Cha kwanza kilikwenda. Cha pili kilikaa mbele yangu mchana kutwa, kila nikikiangalia nakuona umesimama nje unauma kidole, nauma na mimi. Nilikimaliza jua linazama. Wifi yako akapiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Sasa jopo. Nimetoka huko jana. Mtaalamu wao wa lishe ni mama mmoja mkali, hacheki. Nilikuwa nimekwenda na futi yangu mfukoni, ila sikuitoa. Nikamwambia, "Pima kwa yako, mama, mimi nina historia." Nimevua shati mwenyewe, nikavua na fulana, nikasimama mbele yao mifupa yangu yote ikionekana, na sikuona haya hata kidogo. Akapima mkono wa kulia. Akapima tena. Akapima wa kushoto. Akaandika, akamwonyesha daktari mkuu, daktari akaitikia kwa kichwa, na mimi bado nimesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Halafu yule mama akasema, "Hii ni nyama." Maneno mawili tu, Kibonge. Sijawahi kusifiwa hivyo kwa nguo yoyote niliyoshona.

Wametupa tarehe, Agosti, hapo kwenu. Naogopa kisu, sikufichi. Naogopa zaidi kisu chako kuliko changu. Ila mama mkali amesema mwili wangu sasa una cha kupigania, na mimi ninajua nani alikipika.

Jitunze. Sasa hivi usikonde zaidi, utapeperuka.

Kaka yako,
Fundi

*

Wodi ya juu, 27 Agosti

Kaka Fundi,

Shikamoo. Wamekuweka kwenye chumba ambacho hata wifi anaingia amefunikwa uso hadi miguu, na mimi siruhusiwi kabisa, kwa hiyo tumerudi kwenye barua. Tumetenganishwa na ghorofa mbili na ngazi ambazo, baada ya kuzipanda miezi yote ile, leo sijaweza hata tatu.

Mimi mzima. Inauma nikicheka, kwa hiyo wifi nimemkataza kunitembelea. Daktari amesema ini langu limeshaanza kukua kujaza palipokatwa, na kwamba lako nalo limeamka, linafanya kazi. Nimemuuliza mara tatu, akanijibu mara tatu.

Wananiruhusu kutoka kesho. Wifi anasema unakunywa supu, unafuata amri, huongei sana. Kutoongea kwako ndiko kunanitia wasiwasi. Niandikie hata mstari.

Kibonge

*

Wodi ya chini, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Nisamehe mwandiko. Wanasema ni dawa.

Sikuwa na la kuandika siku zile. Nilikuwa nameza nilichopewa kama nilivyozoea, kwa ajili yako, na huku nangoja. Nilikuwa nangoja vibaya. Nilidhani labda kipande chako kimeingia tu kunishikilia, lakini mimi nitabaki mtu wa kula kwa kengele hadi mwisho.

Leo asubuhi nimeamka na maumivu. Yalikuwa hapa katikati, chini ya mbavu, yanakamua, yanaachia, yanakamua tena, na mate yananijaa mdomoni. Nikajua ndiyo basi, ini limekataa. Nikaanza kufikiria nitakwambiaje. Umekatwa, umeshinda njaa miezi, na mimi nimeshindwa kukitunza ulichonipa. Nikabonyeza kengele ya kitandani kwa nguvu hadi nesi akaja mbio.

Akanishika tumbo, akaangalia mashine zake, akatazama majibu ya damu ya alfajiri. Akaniuliza yalianza lini. Nikamwambia yalianza pale walipopitisha toroli la chai mlangoni. Akanitazama. Akaniuliza nasikia harufu gani, nikasema mkate, mkate wa moto, uko wapi huo mkate?

Akavuta kiti akakaa, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanacheka.

"Baba," akasema, "hiyo ni njaa."

Nilikuwa nimeisahau, Kibonge. Miaka miwili haijanipitia, sikuitambua ilipokuja. Nimelia hadi mishono ikauma, kisha nikala mkate wote, nikamtuma akalete mwingine.

Kaka yako,
Fundi